Umeisahau simu kwenye mizunguko mjini Tanga: mwongozo kamili, nini kitangulie na nini kisubiri

Kibanda changu cha uwakala wa pesa kiko Ngamiani, jirani na soko la Mgandini. Wiki haipiti bila mtu kunijia akijipapasa mifukoni, jasho linamtoka, na maneno ni yale yale: "Dada, nifungie laini, simu yangu imepotea." Namuuliza ameikosa tangu saa ngapi. Nusu saa. Kaibiwa? "Wala, nahisi nimeiacha mahali."

Kwanza, wakala hana uwezo wa kukufungia laini. Pili, hata angekuwa nao, laini ya simu uliyoisahau nusu saa iliyopita si kitu cha kukimbilia kufunga. Saa hiyo simu yako huenda iko kwa muuza nyanya anayejiuliza ni ya nani, au imelala chini ya kiti cha bajaji na dereva mwenyewe hana habari. Ukifunga laini umemkata ulimi mtu pekee ambaye angekuita.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanazunguka mji toka saa nne hadi adhuhuri, wanaipigia mara hamsini mpaka chaji inakata, na muda wote huo akaunti ya pesa iko wazi. Vitu wanavyovijua ni vile vile, ila vimepangwa kinyume. Ndiyo maana nimekaa kuandika mpangilio wenyewe.

Hapa nasema simu iliyosahaulika. Kama umeporwa au umechomolewa mfukoni na umeona, ruka yote, nenda moja kwa moja Hatua ya 7.

## Vitu vya kuwa navyo kabla haijapotea

Ni karatasi moja tu. Iandike leo, nakala moja iwe kwenye pochi na nyingine nyumbani. Iwe na haya:

- Namba tatu za watu wako, na angalau mmoja awe wa mtandao mnaotumia pamoja. Sababu utaiona Hatua ya 3.
- IMEI ya simu, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, si ya laini. Bonyeza *#06# itokee. Ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote.
- Namba yako ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), tarakimu 20.
- Anwani ya barua pepe iliyomo kwenye simu. Nywila yake ikae kwenye nakala ya nyumbani, si ya pochi.
- Kodi za akiba (backup codes) za akaunti ya Google, yaani namba za kukuingiza kwenye akaunti simu yako isipokuwepo, nazo zikae nyumbani. Google hukupa kumi kwa mpigo, kila moja tarakimu 8. Bila hizi Hatua ya 4 itakugomea.

Na uhakikishe laini imesajiliwa kwa kidole cha nani. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini ni ya mwenye kidole, si ya mwenye simu. Nimeona mama mtu mzima analia kwenye foleni kwa sababu laini yake ya miaka sita ilisajiliwa na mpwa ambaye sasa yuko Mwanza. Piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizo chini ya NIDA yako.

Onyo: karatasi hii, kitambulisho na noti yako ya elfu kumi visikae nyuma ya kava la simu. Najua ni mtindo wa mji mzima. Lakini tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa, zikianza na mwaka. Na wengi mnaokuja kibandani namba ya siri ni mwaka wa kuzaliwa. Umempa mtu mlango pamoja na ufunguo wake.

Kama simu imeshapotea na karatasi huna, usijilaumu sasa. Anza hapa chini.

## Hatua ya 1: Simama ulipo

Dakika mbili, usitoke. Mguu ukianza kukimbia akili haikumbuki.

Jipekue kwa mpangilio: mifuko ya nguo, mkoba hadi chini, kisha kikapu. Kikapu kimwage kabisa. Mara mbili nimeshuhudia simu ikitoka chini ya fungu la mchicha hapa hapa mbele ya kibanda, ikiwa imezimwa sauti kwa ajili ya swala na haikurudishwa. Mwenye baibui au khanga, fungua kila fundo.

Haipo? Sasa usijiulize "nimeiacha wapi". Jiulize mara ya mwisho kuitumia niliifanyia nini, na lini mkono wangu ulikuwa mtupu. Ni maswali mawili tofauti, na yanaibana simu katikati.

Nieleze yaliyonikuta. Asubuhi moja nilikwenda Deep Sea kununua samaki. Nikaweka simu kwenye meza ya mbao ili nishike kikapu kwa mikono miwili, muuzaji ananimiminia samaki aina ya changu. Nikalipa taslimu, nikapanda bajaji. Nafika Ngamiani, mkono unatafuta, simu hakuna. Nikaapa kuwa nimeiacha kwenye bajaji, kwa kuwa ndiyo safari niliyokuwa nikiikumbuka. Bahati nikakumbuka pia kwamba njiani nilimuuliza dereva saa. Mtu mwenye simu haulizi saa. Basi mkono ulikuwa mtupu tayari kabla ya bajaji, na sikuwa na haja ya kumfukuza kijana wa watu mpaka Sahare.

Ukishindwa kukumbuka, ushahidi uko kwenye simu za wenzio. Uliyempigia mwisho ana saa ya simu yako kwenye orodha yake. Muuzaji uliyemlipa kwa simu ana meseji ya malipo, na meseji ile ina tarehe na saa. Kama ulimlipa saa nne na robo pale dukani, basi saa nne na robo simu ilikuwa mkononi mwako. Kote ulikopita kabla ya hapo kufute.

Hatua hii imefanikiwa ukiwa na kipande cha njia chenye vituo viwili au vitatu tu, si mji wote.

## Hatua ya 2: Azima simu, piga mara moja, tuma meseji

Azima kwa mtu aliyetulia mahali pamoja: mwenye duka, wakala, fundi cherehani. Mpita njia akikupa simu yake ataondoka nayo, na namba uliyoacha kwa aliyeokota simu yako itaondoka naye.

Piga mara moja, iache iite mpaka ikate yenyewe. Isipopokelewa, tuma meseji. Kisha subiri dakika tano ndipo urudie.

Mbona nisipige mfululizo? Chaji, kwanza. Halafu mtu aliyeokota simu inayolia bila kupumua hushikwa na hofu. Anaona kama ataitwa mwizi, anaizima ajitoe lawamani. Na wengine hawawezi tu kuipokea. Yule muuza samaki wa Deep Sea alisikia simu yangu ikiita. Kidole chake kilikuwa na maji na magamba, kioo kikawa hakimsikii, akitelezesha hakiendi. Ilikuwa meseji ndiyo iliyomfikia, maana ilitokea juu ya kioo na kijana wake akamsomea.

Meseji iwe fupi na ya heshima. Hii naitumia kwa wateja wangu:

> Assalaam alaykum. Simu hii ni yangu, nimeisahau. Naomba unipigie au unibipu kwenye namba hii. Niko Mgandini, nitakuja ulipo mwenyewe. Ahsante sana.

Usitaje zawadi ya fedha nyingi. Ukisema laki, umemfundisha kuwa ina thamani ya zaidi ya laki.

Jinsi ya kusoma majibu ya simu

*Inaita, haipokelewi.* Habari njema. Ina chaji, ina mtandao, na hakuna aliyetoa laini. Endelea.

*Inaita, inakatwa.* Iko mkononi mwa mtu. Anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa dereva yuko barabarani. Tuma meseji, mpe dakika kumi. Ikikatwa tena, fanya Hatua ya 3 bila kuchelewa.

*Haipatikani, tangu simu ya kwanza.* Usiseme wizi bado. Ulikuwa na chaji kiasi gani ulipotoka nyumbani? Kama ni asilimia 8, jibu unalo.

*Ilikuwa inaita, sasa haipatikani.* Hapa nami nashtuka. Kama hukuwa na chaji kidogo, mtu ameizima.

*Inapokelewa.* Shusha pumzi kabla ya kusema. Maneno ya kwanza ndiyo huamua. Usifungue na "wewe nani, umeipata wapi". Salimia kama unavyomsalimia jirani:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Simu yako hii?"

"Yangu, mzee wangu. Nimeisahau, Mungu akubariki kwa kunipokelea. Upo wapi nikufuate?"

Baada ya hapo sikiliza. Muulize jina la duka au kitu kilicho jirani naye, umrudie kwa maneno yako, mkubaliane saa. Mwombe aiache ikiwa imewashwa. Ukishakubaliana, nenda Hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Funga pesa, laini iache hai

Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo soma taratibu.

Laini na akaunti ya pesa ni vitu viwili, ingawa vimo kwenye kadi moja. Laini ikifungwa, simu haiiti tena. Akaunti ya pesa ikifungwa peke yake, simu inaendelea kuita ila hela haitoki. Kwa saa za mwanzo unachotaka ni hicho cha pili.

Huduma kwa wateja ni namba 100 kwa mitandao yetu. Lakini 100 ukiipiga kwa laini ya mtandao mwingine utapokelewa na mtandao huo mwingine, na hawatakusaidia kitu. Watu wamepoteza dakika arubaini hapo. Lazima uazime simu yenye laini ya mtandao wako, na ndiyo maana kwenye karatasi nikakwambia uwe na mtu wa mtandao wako.

Ukipata mhudumu sema hivi, usizunguke: "Nimesahau simu mahali. Naomba mnifungie akaunti ya pesa tu. Laini isifungwe bado, bado naipigia." Mhudumu mwingine atakwambia ni rahisi afunge vyote. Mrudie kwa upole kuwa unataka pesa tu. Akisema haiwezekani kabisa, amua kwa kuangalia hali: kama simu ilikuwa inaita na kioo kina loki, mpe nusu saa nyingine, kama haina loki, kubali afunge vyote.

Atakuuliza maswali ya kuhakiki: majina kamili, namba ya NIDA, pengine na muamala wa mwisho au namba unazozipigia mara kwa mara. Jibu ukiwa umejitenga kidogo, si mbele ya foleni ya watu wanaonunua vocha.

Onyo: mhudumu wa kweli hakuulizi namba ya siri. Wewe ndiye uliyempigia. Akikupigia mtu baadaye, "nipo huduma kwa wateja, tunakurudishia simu yako, taja namba ya siri", kata.

Kuna hali tatu ambazo hutakiwi kusubiri dakika hata moja, unafunga kila kitu papo hapo: simu haina loki, namba ya siri umeiandika ndani ya simu yenyewe, au kitambulisho kilikuwa kwenye kava. Usidhani kuwa huna salio basi huna cha kuibiwa. Mikopo ya simu inachukuliwa kwa jina lako, na deni utalipa wewe.

Kama simu ina huduma ya benki, pigia na benki. Namba yao ipo nyuma ya kadi yako ya ATM.

Umefanikiwa pale mhudumu anapokutamkia kwamba akaunti imefungwa. Andika jina lake na saa. Ikija kuwa na utata kuhusu hela iliyotoka, saa hiyo ndiyo shahidi wako.

## Hatua ya 4: Itafute kwa mtandao, kama una mtu wa kuaminika

Fanya hatua hii kwenye simu ya ndugu au rafiki tu. Usiingize nywila yako kwenye simu ya mtu usiyemjua, hata awe mkarimu namna gani.

Simu za Android, fungua android.com/find. Huduma hii ya Google ilikuwa ikiitwa Find My Device, siku hizi ni Find Hub. iPhone, fungua icloud.com/find. Tumia dirisha la faragha kwenye kivinjari, na ukimaliza utoke kwenye akaunti.

Kwa kawaida yataka simu yako iwe imewashwa, data iko hewani, na huduma ya mahali imewashwa. Wanaozima data kila wakati ili bando lisiliwe, hapa huwa wamejifungia nje. Siwalaumu, bando ghali. Ila jueni hivyo.

Mtego wa pili: Google ikiona simu ngeni inaingia, hutuma swali la uthibitisho kwenye simu yako, ile ile iliyopotea. Ndipo kodi za akiba zinapookoa, mtu wa nyumbani akusomee moja. Kwa iPhone ukurasa wa kutafuta hufunguka bila kuomba kodi hiyo.

Ukiingia, utaona vitufe. Kwa mpangilio huu:

Kwanza *ita*. Android italia dakika tano kwa sauti kubwa hata kama uliizima sauti. Itumie ukiwa umeshafika karibu na unapodhani ipo, si ukiwa mbali.

Pili *funga kwa loki na uweke ujumbe*. Andika namba ya kupigiwa na "Simu imesahaulika, tafadhali piga". Kwa iPhone ni Lost Mode.

*Kufuta vitu vyote* usikuguse leo. Ukishafuta, simu za Android huwezi kuzitafuta tena.

Onyo kubwa. Doa kwenye ramani si nyumba. Ni duara, na nyumba za Ngamiani zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Duara moja linakusanya familia kumi. Usiende kugonga mlango na kundi la vijana. Mchukue mwenyekiti wa mtaa. Na popote ulipo, neno "mwizi" lisitoke mdomoni mwako. Kelele hiyo imeua watu katika miji yetu, na wewe hata huna hakika kama hukuiacha dukani.

## Hatua ya 5: Rudi njia, kituo kwa kituo

Mwache mtu kwenye simu uliyoazima. Wewe rudi, ukianzia kituo cha mwisho cha kile kipande ulichokipata Hatua ya 1.

Sokoni. Simu haianguki sokoni, huwekwa. Huwekwa mahali ambapo mikono miwili ilihitajika: kwenye mizani, juu ya gunia la unga ukihesabu hela, kwenye rundo la nazi ukizigongagonga kusikia maji. Nenda kwa vituo hivyo tu. Usiulize "nani kaona simu yangu", maana utajibiwa na soko zima kwa pamoja. Msogelee muuzaji, msalimie, mwambie "nimekuja kwako saa nne nikanunua bamia, nadhani nimesahau kitu". Mwache ataje yeye ni kitu gani. Akitaja simu kabla yako, umeshaipata. Jirani yake wa meza naye aulizwe. Mara nyingi ndiye aliyeitia ndani ya droo.

Wahi kabla hawajafunga. Muuza samaki wa asubuhi mchana hayupo.

Bajaji. Usiifukuze bajaji, nenda kijiweni ilipokupakia. Wenzake wanamjua, wana namba yake, na vijiwe vingi vina kundi la WhatsApp. Kumbuka chochote: rangi, maandishi ya kioo cha nyuma, kama ulikaa kulia au kushoto. Simu huteleza katikati ya kiti na mgongo wake, mahali ambapo dereva haoni mpaka aoshe jioni. Mwombe aingize mkono hapo, asitazame kwa macho tu. Mpunguzie gharama: mwambie utalipia mafuta ya kurudi.

Daladala. Konda ndiye mtu wako. Subiri mwisho wa ruti, gari litarudi lenyewe. Kwa basi la mkoa, nenda ofisi ya basi hilo stendi ya Kange na tiketi yako, waambie namba ya kiti wampigie kondakta aliye njiani.

Msikitini. Angalia rafu ya viatu na mahali pa kutawadhia, kisha umwone muadhini. Vitu vinavyookotwa huishia kwake, naye hutangaza baada ya swala.

Hospitali na ofisi. Mlinzi wa getini kwanza, kisha dirisha ulilohudumiwa. Hapa watu huacha simu wakisaini.

Kila unapoulizia, bakiza siri moja. Taja ni simu, usitaje picha iliyo kwenye kioo wala ufa ulio pembeni. Hiyo ndiyo itakutambulisha kuwa mwenyewe.

## Hatua ya 6: Kukutana na aliyeiokota

Mchana, mahali pa watu, na mtu mmoja wa kukusindikiza. Si watano, utamtisha. Nje ya duka lake ni bora. Kama hana duka, kituo cha mafuta au mbele ya Uhuru Park panatosha.

Akisema "tuma kwanza elfu ishirini ya nauli ndipo nije", usitume. Mwambie utamfuata aliko kwa nauli yako. Mwenye simu kweli atasema njoo. Tapeli atakuwa na msiba, yuko Muheza, na gari linaondoka sasa hivi. Namba ya aina hiyo itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mkikutana, ipigie simu mbele yake, iite mkononi mwake, uifungue kwa loki yako. Hapo mnaachana na maneno mengi.

Kuhusu shukrani, mimi hutoa elfu kumi na nauli, mkononi, kwa salamu. Wapo watakaokataa, hasa wazee. Basi mnunulie kitu cha biashara yake. Usianze kujadiliana bei ya wema wa mtu kama unanunua embe.

## Hatua ya 7: Saa ya kukata tamaa

Kipimo changu ni hiki: saa tatu zimepita bila jibu lolote, au simu iliyokuwa inaita imezimwa na chaji ilikuwepo. Lolote kati ya hayo likitokea, acha kutafuta, anza kulinda.

Piga 100 kwa simu yenye laini ya mtandao wako, safari hii waambie wafunge vyote, laini na akaunti ya pesa. Kisha nenda duka la mtandao wako ukarudishiwe namba ile ile kwenye kadi mpya. Chukua namba ya NIDA na kidole chako. Mwenye usajili ndiye aende, si mumeo wala dada yako. Kadi mpya ikishika mtandao, ya zamani imekufa.

Mara tu laini ikirudi, sajili WhatsApp kwenye simu yoyote, hata ya kuazima. Watu hufikiri kufunga laini kunafunga na WhatsApp. Sivyo. Simu ya zamani ikipata intaneti ya mahali, WhatsApp yako inaendelea kusomeka na kujibu. Ukiisajili upya, kule inatoka yenyewe. Ikikuomba namba ya siri ya tarakimu 6 (si ile kodi inayokuja kwa meseji) nawe hukuiweka, ujue kuna mtu kaiweka. Itabidi usubiri siku 7 kuingia, lakini angalau kule keshatolewa.

Wakati huo huo waambie ndugu. Usipowaambia, "ile hela itume kwenye namba hii" itawafikia kutoka kwenye namba yako mwenyewe, na shangazi hatasita.

Polisi: nenda kituoni na IMEI, upate ile karatasi watu wanaiita losi ripoti. Wengi hawaendi, wakisema simu hairudi. Huendi kwa ajili ya simu. Simu hiyo ikitumika kesho kumtapeli mtu, laini ina jina lako, na karatasi ndiyo inayosema haikuwa mkononi mwako siku hiyo. Ripoti hiyo pia ndiyo utakayoonyesha mtandao wako ukitaka IMEI ifungiwe isishike laini yoyote. Badilisha na nywila ya barua pepe.

## Ikirudi

Kabla ya kushangilia, pitia meseji zilizotumwa, orodha ya simu zilizopigwa na miamala. Kwenye WhatsApp fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kitoe. Piga 100 wafungue akaunti ya pesa, halafu ubadilishe namba ya siri, na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Kila uliyemwambia asitume hela, mpigie kwa sauti yako mwenyewe. Meseji hataiamini, na amefanya vyema.

Yangu niliikuta imezungushiwa gazeti, imewekwa juu ya mizani mbali na maji, muuzaji kaiwekea jiwe isipeperuke. Kava nililisugua kwa ndimu mara tatu ndipo harufu ya changu ikaondoka. Simu yenyewe usiitie ndimu wala maji: magamba yakiingia kwenye tundu la chaja, yatoe kwa mswaki mkavu, taratibu, simu ikiwa imezimwa.